Mtawa wa Safu ya Pili

Juma lililopita mliniacha chooni, uwanja wa ndege wa Don Mueang, nikipigana na joho la kitawa lililokataa kukaa mwilini. Sasa nimeshatoka. Naomba heshima zenu, maana waliokuwa foleni nje ya choo walinipa za kwao bila kuuliza.

Kwa aliyekosa magazeti yaliyopita: jina langu ni Phumin, ila nyumbani na shuleni naitwa Poom. Nilipaka pilipili filimbi ya mwalimu wa nidhamu. Shule ya bweni ikanitimua kwa muda, na baba akaamua kwamba dawa yangu ni kufanywa mtawa mdogo likizo nzima, katika nyumba ya watawa huko Bangkok. Jioni ya kuamkia sherehe wakaninyoa nywele, wakaninyoa na nyusi kama ilivyo desturi, wakanionyesha joho nitakalovishwa asubuhi. Kisha wakaniambia kuwa kuanzia kesho sitakula chochote baada ya saa sita mchana.

Hapo ndipo nilipotoroka. Bila nyusi mtu anaishi.

Joho nililichukua kwa sababu za kiusalama. Mvulana mwenye upara, asiye na nyusi, akivaa fulana anafanana na mfungwa. Akivaa joho la manjano, wanawake wanampisha njia na polisi wanamuunganishia viganja kwa heshima. Tiketi ya kwenda kwetu Nan alinikatia binamu yangu, mtu anayependa sana maovu ya wengine. Baba alikuwa Bangkok kwa ajili ya sherehe. Kwa hiyo nyumba ilikuwa tupu na friji ilikuwa imejaa.

Hesabu yangu ilikuwa safi. Ilikuwa na kosa moja tu, na kosa hilo lilikuwa bado halijapanda ndege.

Shirika lenyewe ni dogo. Ndege zake ni za mapangaboi, na ndani daraja ni moja tu, la kubanana, ambapo magoti ya abiria yanakaribiana na masikio yake. Kiti changu kilikuwa cha mwisho kabisa, karibu na choo, kando ya binti aliyetafuna ubani kama mbuzi. Nilikuwa nimeanza kufunga mkanda mhudumu akaja mbio, akajikunja mbele yangu.

"Nen, samahani sana," akasema. Nen ndivyo tunavyowaita watawa wadogo. "Hapa hapakufai."

"Pananifaa."

"Hapafai, Nen. Utakaaje ubavu kwa ubavu na mwanamke?"

"Mimi niko darasa la sita," binti akasema.

"Nyamaza. Mwanamke hana darasa."

Akanitanguliza mbele. Abiria walikuwa wameshakaa, na kila safu niliyoipita vichwa viliinama kama mpunga. Kwenye safu ya pili alikuwepo mwanaume mwembamba, dirishani, amefunikwa blanketi mpaka kidevuni, macho yamefumbwa. Kando yake alikaa bibi mmoja. Mkono wake ulikuwa ndani ya blanketi.

"Mama, tunakuomba umpishe Nen," mhudumu akasema. "Wewe utakaa kiti chake, kule nyuma."

Bibi hakusogea. "Huyu ni mwanangu."

"Ni mtu mzima, mama. Au anaumwa?" Mhudumu akamchungulia. "Mbona amelegea hivi? Kama anaumwa niambie, maana wagonjwa wa namna hii rubani habebi. Inabidi washuke."

Mkono wa bibi ukatoka ndani ya blanketi haraka, kama uliochomwa.

"Haumwi," akasema. "Amekesha kazini. Amechoka tu."

Nilimtazama yule mwanaume. Mashavu yake yalikuwa mekundu vizuri sana, ila wekundu wenyewe uliishia kwenye mstari, kama rangi ya ukuta. Mama yake alikuwa amempaka rangi ya midomo mashavuni.

Wasomaji wangu, nilielewa kila kitu. Shule ya bweni haifundishi mengi, lakini inafundisha kumtambua mtu anayemficha mwenzake. Ningesema neno moja tu, kwamba mimi si mtawa, bibi angebaki na mwanawe na mimi ningerudi kwa mla ubani.

Nikanyoosha kiganja juu ya kichwa cha bibi, nikasema kwa sauti ya kizee, "Baraka kwako, mama."

Akaunganisha viganja. Akainuka. Alipofika katikati ya ndege akageuka kumtazama mwanawe, lakini kichwa changu kilikuwa kimeziba njia.

Nikaketi, nikapanua miguu.

Mlango ulikuwa unafungwa pale abiria wa mwisho alipoingia akihema. Mtu mnene, ana mikono ya kazi, amebeba bakuli la fedha la sadaka ambalo halikutumika. Anauza matairi mjini Nan. Nalijua bakuli lile, na ile mikono naijua zaidi.

Kumbe baba hakubaki Bangkok kunitafuta. Alikuwa amekasirika kiasi cha kutaka kurudi nyumbani, na siku hiyo ndege ya kwenda nyumbani ilikuwa moja.

Nikavuta joho mpaka puani, nikainamisha kichwa. Akaja. Viatu vyake vikasimama kando yangu. Nikangoja kofi.

Lakini kwetu mtu hamkodolei macho mtawa. Baba aliona joho, akashusha macho hapo hapo. Akaweka bakuli chini, akaunganisha viganja, akaviinua mpaka kwenye paji la uso, akainama. Mbele yangu. Mtu aliyewahi kunichapa kwa mpira wa tairi la baiskeli, akaeleza na sababu za kitaalamu za kuchagua mpira huo.

"Baraka," nikanong'ona.

"Asante, Nen," akasema baba kwa unyenyekevu, akaenda zake nyuma. Kiti chake kilikuwa ng'ambo ya kiti cha bibi, njia ndogo tu katikati.

Tukapaa.

Njaa, wapendwa, haijali umevaa nini. Mhudumu alipopita na mikate midogo, mimi alinitandikia kitambaa akaweka juu yake maji, maana mwanamke hampi mtawa kitu mkononi.

"Mkate sikupi, Nen. Saa sita imeshapita."

"Kabisa," nikasema. Tumbo likatoa maoni tofauti.

Mkate wa jirani yangu akauweka kwenye meza yake. Jirani alikuwa amelala. Niliutazama mkate. Nikamtazama mwenye mkate. Nikautia mdomoni wote.

"Una nini ndani?" akauliza, macho yakiwa wazi.

Nikameza kwa shida. "Maharage matamu."

"Sikosi kitu basi." Alikuwa na sauti nyembamba, ya mtu anayebana matumizi. "Mtawa anayekula alasiri. Tena joho umelifunga kama mwanamke anayetoka kuoga."

"Nilikuwa na haraka."

"Umeliiba wapi?"

"Nimeliazima."

"Mwenyewe anajua?"

"Ataambiwa."

Akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikaleta damu. Aliifuta kwa kona ya blanketi, akaikunja kona ile ndani, kwa ustadi wa mtu aliyeizoea.

"Naitwa Singkham," akasema. "Mama amekwambia nimekesha kazini?"

"Ndiyo."

"Ni ini. Walinipasua, wakachungulia, wakanishona. Daktari akamwambia mama anirudishe nyumbani, na afanye haraka. Mama anaogopa nisije nikafia hospitali. Anasema roho yangu itabaki inazurura wodini, haijui njia ya Nan."

"Na ukifia humu angani?" nikauliza. Sikuzaliwa na ulimi laini.

"Basi nitazurura na shirika hili. Bila tiketi."

Nikacheka, nikaona aibu, nikacheka tena. Kisha nikamwambia nimwite mama yake.

"Utamwita ukae wapi? Ukiwa na joho hilo hawezi kuja hapa."

"Nitalivua."

"Ndani umevaa nini?"

Nikafikiri. "Bukta yenye picha za bata."

"Usithubutu." Akanigeuzia uso, na ile rangi ya mashavuni ilikuwa imeanza kuteleza na jasho. "Ulimwona mama alivyoondoka?"

"Alikuwa na huzuni."

"Hujui kutazama. Mama ana mtoto mmoja, mimi, na sijawahi kuvaa joho hata wiki moja. Kila mwaka nilimwambia mwaka ujao. Nilikuwa na duka la simu, nilikuwa na marafiki, nilikuwa na pombe. Wenzake wote wana watoto waliovaa joho, wao wakifa wana upindo wa joho hilo wa kushika, wanapanda nao mbinguni. Yeye atashika nini, chaja? Leo anaona mtawa ameletwa mpaka ubavuni pangu. Anaona nimesamehewa. Ukimwambia wewe ni mwizi wa mikate, mimi nitamwita mhudumu nimwambie hivyo hivyo, kwa sauti, na watu wote wasikie."

"Unanitishia?"

"Ndiyo. Sina muda wa kukubembeleza."

Akatoa mkono chini ya blanketi, akashika upindo wa joho langu, akauzungusha kwenye ngumi yake.

"Sasa soma kitu. Mama akichungulia aone midomo inatembea."

Nilikuwa najua ubeti mmoja tu wa dua, ule wa gwaride la asubuhi shuleni, ambao kwa miaka mingi tumeusoma huku tukikanyagana vidole. Nikausoma. Ulipoisha nikaurudia. Singkham akafumba macho, na pumzi yake ikawa inakatika katika kama mtu anayepanda ngazi.

Nilikuwa kwenye mara ya sijui ngapi mtu akapiga magoti njiani, mbali kidogo ili asiniguse. Alikuwa bibi. Mhudumu alitaka kumrudisha, bibi akamwambia anakuja kuomba dua tu.

Nikaona hapa ndipo pa kuwa mtu mwema. "Mama," nikaanza, "nina jambo la kukuambia."

"Funga mdomo," akasema.

Alisema kwa sauti ya chini iliyofunikwa na muungurumo wa ndege, viganja vimeungana, uso umetulia. Mtu akimtazama kwa mbali angeona mwanamke mcha Mungu.

"Ng'ambo ya kiti changu kuna bwana wa matairi. Tangu tupae hajanyamaza. Mtoto wake amekimbia sherehe na joho la watu. Hana nyusi. Ana kovu juu ya sikio la kushoto." Akalitazama sikio langu. "Nimwite?"

"Usimwite, bibi."

"Nimekuwa bibi. Mara ya kwanza nilikuwa mama, nikapewa na baraka."

"Nisamehe. Nitakwenda chooni nikae huko mpaka tutue. Wewe kaa hapa na mwanao."

"Kaa hapo hapo ulipo."

"Bibi, mwanao anakufa."

"Wewe ndiye wa kuniambia?" Uso haukubadilika hata kidogo. "Nimemlisha, nimemfuta, nimemgeuza tangu mvua zilipoanza. Mkono wangu ameuzoea, hauna jipya la kumpa. Hicho ulichovaa ndicho kipya. Maisha yake yote amedhani hastahili kukaa karibu nacho. Je, anaamini?"

Nikamtazama Singkham. Macho yalikuwa yamefumbwa, lakini ncha ya mdomo ilicheza.

"Anaamini sana," nikasema.

"Basi utakuwa mtawa mpaka mimi niseme basi. Ukimwambia ukweli, nakuvua kwa mikono yangu mbele ya watu wote, na kitakachobaki ndani nampelekea baba yako."

Kitakachobaki kilikuwa na picha za bata. Nikakubali.

Hebu fikirini hali yangu. Mama anajua mimi ni mwongo, anataka mwana asijue. Mwana anajua mimi ni mwongo, anataka mama asijue. Na mimi, ambaye shule nzima inajua siwezi kutunza siri hata ya jibu la hesabu, nimewekwa katikati kama ukuta.

Bibi alikuwa bado amepiga magoti. Alikuwa anautazama upindo uliozungushwa kwenye ngumi ya mwanawe, na kipande kilichobaki kikining'inia karibu na kidole chake.

"Shika, bibi," nikamnong'oneza. "Hakuna anayeona."

Kidole kikasogea. Kikasimama.

"Likiwa joho la kweli, mimi mwanamke siruhusiwi kuligusa," akasema. "Likiwa la uongo, nikishika nimeshika kitambaa."

Akainuka, akajikung'uta magoti.

"Baba yako anasema na yeye alitaka upindo wake. Analia kule nyuma, mpumbavu mzima. Nimempa leso yangu."

Akarudi kwenye kiti kilichokuwa changu.

Tulipoanza kushuka, milima ilianza kuichezea ndege. Masanduku yaligonga juu ya vichwa, mtoto fulani akatapika, na binti wa ubani alisikika akiuliza kama tunakufa. Singkham aligongwagongwa dirishani. Nikaweka bega langu ili agonge hapo.

"Unasoma ubeti ule ule," akasema.

"Ndio ninaoujua."

"Kumbe. Basi soma polepole. Ufike."

Nikasoma polepole. Rangi yake ya mashavuni ilihamia begani kwangu, kwenye joho la watu. Aliuliza kama tumeshavuka mto. Nilichungulia, sikuona mto wowote, nikamwambia tumeshauvuka na naona paa la soko. Akasema soko lina mapaa mawili. Nikamwambia nayaona yote mawili.

Magurudumu yakagusa chini. Watu wakafungua mikanda kabla ya wakati, kama kawaida yetu, wakaanza kusimama.

"Kaeni, tafadhali," mhudumu akasema. "Nen atashuka kwanza."

Wakakaa. Mlango ukafunguliwa. Joto la Nan likaingia.

"Karibu, Nen," mhudumu akaniambia, akionyesha ngazi.

Sikuweza kusimama. Ngumi ilikuwa imekaza upindo, na nilipojaribu kuuvuta taratibu, mkono wa Singkham wote ulikuja nao. Nikabaki nimekaa, nikaendelea kusoma. Nyuma watu wakaanza kuguna.

"Kuna nini huko mbele?" Sauti ya baba. "Watu tuna shida zetu."

Nikasikia viatu vyake vikija. Nyuma yake nikasikia kandambili za bibi zikiharakisha, zisimfikie.

Safari hii hakushusha macho. Labda kwa kuwa alishalia vya kutosha, labda kwa kuwa aliisikia sauti yangu ikisoma ubeti wa gwaride. Alinitazama usoni. Akaangalia sikio. Mkono wake wa kulia ukapanda, taratibu, mpaka kwenye usawa wa bega.

Nikafumba macho lakini sikuacha kusoma. Sijui kwa nini. Nadhani mdomo ulikuwa umesahau namna ya kuacha.

Kofi halikuja.

Nilipofumbua, baba alikuwa anaitazama ngumi. Akautazama upindo ulivyozungushwa humo, mara mbili, kwa nguvu. Akamgeukia bibi, na bibi alimtazama kwa macho ambayo siwezi kuyaeleza, ila najua sipendi kutazamwa nayo. Baba akaweka bakuli lake la fedha sakafuni. Akapiga magoti, mtu mnene vile, katika njia nyembamba vile. Akaunganisha viganja.

"Endelea, Nen," akasema. Kisha, kwa sauti ile ile anayoitumia kabla ya kufunga mlango wa stoo: "Mimi nitakusubiri."

Ndege nzima ikaunganisha viganja.

Hapo rubani akazima injini ya mwisho, ile ya upande usio na ngazi. Mapangaboi yakapungua, yakasita, yakasimama. Kwa mara ya kwanza tangu Bangkok pakawa na ukimya humo ndani, na katika ukimya huo nikasikia watu wote wakipumua. Nikamsikia baba, mzito, puani. Nikamsikia bibi, kwa haraka haraka. Nikamsikia hata mla ubani.

Begani kwangu sikusikia kitu.

Nikaongeza sauti. Nikausoma ubeti kama ninavyousoma mwalimu wa nidhamu akipita kwenye mistari. Bibi alikuwa haangalii mwanawe. Alikuwa anaangalia midomo yangu, na nilijua kwamba ikisimama tu, atajua.

Ubeti ule ni mfupi. Uliisha, nikavuta pumzi ya kuuanza tena, na katika nafasi hiyo ndogo bibi akainama juu yangu.

"Amelala," akasema. "Sivyo, Nen? Niambie amelala."